Maneno Aliyoyameza Kasuku

Kila alasiri ilikuwa hivyohivyo. Kasuku anatoka shule, anatupa mkoba kitandani, anakula kilichofunikwa jikoni, kisha anaingia karakanani kwa baba yake kung'oa misumari. Baba alikuwa fundi makochi. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukitazama barabara, na humo mlinuka gundi, maranda ya mbao na sponji za zamani zilizokaliwa na watu wasiojulikana. Mama alikaa dirishani kwenye cherehani yake kubwa ya umeme, akishona kava za mito. Cherehani hiyo haikuwa na adabu. Ikianza kunguruma, kila aliyetaka kusema jambo ilibidi apige kelele.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kukaa chini na koleo, kulivua kochi kuukuu nguo zake na kung'oa msumari mmoja baada ya mwingine. Hakuipenda kazi hiyo, lakini ilimwachia mdomo wake huru, na mdomo ndio uliokuwa mali yake.

Maana Kasuku si jina alilozaliwa nalo. Wazazi wake walimpa baada ya kuona kwamba akisikia maneno mara moja tu anaweza kuyarudia yote, neno kwa neno, na sauti ya msemaji juu yake, na kikohozi chake, na jinsi mdomo unavyopinda. Alimwiga mwalimu mkuu hata darasa zima likasimama likidhani amekuja. Mteja akitaja vipimo vya kochi na baba hana kalamu, baba hakuhangaika. "Kasuku, yule bwana wa jana alisemaje?" Kasuku angetaja urefu, upana, rangi ya kitambaa na hata lile tusi dogo alilolitoa bwana huyo kuhusu bei. Hakuwahi kukosea. Baba alimjivunia kupita kiasi.

Nyuma ya karakana zilirundikwa fremu za makochi yasiyokwisha. Baba aliziita mifupa. Mteja huja mbio, anauliza bei ya mbao, analipa, anaona amemaliza. Akiambiwa kwamba bado kuna sponji, kuna kitambaa, kuna uzi na kuna mkokoteni wa kulipeleka nyumbani, macho yanamtoka pima. Anaaga akisema atarudi kesho, na kesho yake haionekani.

"Mimi huwaambia mapema," baba alikuwa akisema, akitikisa kichwa. "Usiniulize bei ya mbao. Niulize bei mpaka mtu akae."

Kasuku aliwageuza wateja hao kuwa mchezo wake. Aliyempenda zaidi kumwiga ni mama mmoja muuza mkaa, mjane, aliyelipia fremu ya kochi la watu wawili, kisha mtaji ukamkatikia. Kila baada ya siku kadhaa alipita kulitazama, akaupapasa mkono wa kochi, akasema kwa sauti nyembamba, "Fundi, usiliuze lakini. Nitakuja." Hata hajafika kona, Kasuku alikuwa ameshasimama, amepinda mgongo, analia puani, "Fundi, usiliuze lakini! Nitakuja!"

Siku moja mama huyo alisahau kikapu, akarudi, akayakuta hayo mlangoni. Alichukua kikapu chake akaondoka bila kuaga. Mama yake Kasuku alimkata jicho la kuua. Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka. Basi Kasuku akajua kwamba amefaulu, akarudia tena.

Mwaka huo baba alianza kukonda. Alikwenda chooni mara nyingi na kurudi uso umesawijika, lakini akiulizwa alisema ni chakula tu hakikumkubali. Aibu ilimziba mdomo mpaka siku mama alipoiona damu kwa macho yake, akamburura hospitali. Daktari alisema lazima utumbo mpana uangaliwe kwa kamera: mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kwa nyuma, ukazunguka ndani na kutazama. Baba aliposikia "kwa nyuma" aliomba aandikiwe vidonge. Daktari akamjibu kwamba vidonge havina macho.

Ikatajwa bei ya kipimo, wakaishika hiyo moja tu. Hakuna aliyeuliza baada ya kipimo kuna nini. Ndiyo hayo sasa! Fundi aliyewatikisia kichwa wateja wake mwaka hata mwaka alifika hospitali, akauliza bei ya mbao, akaondoka zake.

Kuipata bei hiyo kuliwatoa jasho. Mama alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe mwenye nyumba moja ya wageni akaagiza viti vya sebule na kutoa kianzio kizuri, pengo likazibika na kikabaki kidogo. Na nyumba ile ilikuwa na tabia yake: kilichobaki hakilali. Kochi likishatoka mlangoni, salio lake lilitumika siku hiyohiyo, kwa viatu, kwa nyama, kwa lolote, kana kwamba pesa ikilala itaoza.

Kasuku naye alikuwa na lake. Darasa lao lilikuwa linakwenda ziara kwenye mbuga ya wanyama, kulala huko na kurudi, na karibu wote walikuwa wamelipa isipokuwa yeye na wengine wachache ambao hakupenda kuhesabiwa nao.

"Usinune," baba alimwambia. "Kipimo kikiisha, kilichobaki ni chako. Utakwenda kumwona simba."

Siku moja kabla ya kipimo baba hakula kitu. Alikunywa maji ya dawa ya kusafisha tumbo, jagi baada ya jagi, na kazi yake ikawa ni kukimbia uani akishikilia suruali. Siku ya pili mama alikuwa aende naye, lakini mwenye nyumba ya wageni alikuwa amemkalia kooni, anataka viti vyake. "Nenda na Kasuku," mama alisema, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wakisema kitu, atakileta chote."

Hospitalini nesi aliwatazama juu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Mtu mzima yuko wapi? Baba utachomwa sindano ya usingizi. Nani atasikiliza maelezo?"

"Huyu hapa, dada," baba alisema, akimgusa Kasuku begani. "Mwambie lolote. Atalirudia mpaka chafya yako."

Nesi hakufurahi, ila foleni ilikuwa ndefu na mwenye kitanda kinachofuata alikuwa tayari analalamika. Akamwacha.

Kipimo kilipokwisha, baba alilala chali, mdomo wazi, analitabasamia dari kama mtoto mchanga. Nesi alimwita Kasuku kando.

"Sikiliza vizuri, binti. Daktari ameona vinyama vimeota ndani ya utumbo, amevikata. Viko kwenye kichupa. Lazima vichunguzwe maabara, ili tujue kama ni vya kawaida au vina saratani. Malipo ya maabara ni mbali na haya mliyokwishalipa, na bila malipo hawavigusi. Mlipe wiki hii. Baada ya wiki mbili baba arudi kwa daktari apewe majibu, na hapo pia kuna malipo. Majibu yakiwa mabaya kuna vipimo vingine, pengine na kupasuliwa. Yakiwa mazuri bado atarudi kuangaliwa tena, maana vinyama hivi hurudi. Mwambie mama aanze kujipanga sasa, asisubiri kushtukizwa. Umeshika?"

"Nimeshika. Maabara ni kiasi gani?"

Nesi akamtajia. Ilikuwa karibu yote iliyobaki. Kasuku alihisi simba wake anaondoka, na basi la shule linaondoka, na yeye amebaki getini na wale wachache.

Baba alizinduka sawasawa wakiwa kwenye teksi. "Enhe, Kasuku wangu. Amesemaje?"

"Amesema unywe maji mengi, ule vitu laini, na usibebe mizigo mizito."

Hayo yote nesi alikuwa ameyasema kweli, walipokuwa mlangoni.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Basi kazi imekwisha!" baba alisema, akajiegemeza kitini na kushusha pumzi. Alikuwa na furaha hata dereva naye akafurahi. Jioni hiyo alimhesabia Kasuku pesa ya ziara mkononi.

Kasuku alijiambia kwamba atasema akirudi. Siku chache tu, vinyama vyenyewe vimeshakatwa, vitakwenda wapi?

Ziara yenyewe ilikuwa mvua tupu. Simba hakuonekana. Walichokiona vizuri ni matako ya ngiri mmoja akiingia vichakani, na walimu wakashangilia kuliko wanafunzi. Ndani ya basi kila mtu alikuwa amechoka na amenuna, na Kasuku hakuweza kuvumilia hadhira iliyonuna. Akasimama katikati ya viti akamwiga baba yake: anavyokimbia uani akishika suruali, anavyomwomba daktari vidonge, anavyolala mdomo wazi baada ya kupigwa picha kule watu wasikopigwa picha. Basi zima liliangua kicheko. Watoto walipiga viti, wengine wakatoa machozi. Kasuku hakuwahi kuchekesha namna hiyo.

Lakini kicheko kile kikamgeukia. Kabla hawajafika mjini alikuwa amepata jina jipya. "Kamera! We Kamera! Baba amelipia picha?" Alitaka kucheka nao akashindwa.

Baba alikuwa akimngoja getini pa shule, amevaa shati lake safi. Alipoona begi limelowa na limekuwa zito, alilichukua akalibeba begani. Mvulana mmoja alipita akipiga kelele, "Huyo ndiye mwenye kamera!" Baba akageuka.

"Kamera gani, kijana wangu?"

"Binti yako ametuonyesha. Ulivyokuwa unakimbilia chooni."

Watoto walicheka. Baba alimtazama Kasuku akingoja aseme kwamba huo ni uongo. Kasuku alikaza macho chini na kutangulia njiani, hatua kumi mbele, kama mtu asiyemjua anayemfuata. Baba alibeba begi mpaka nyumbani. Hakuuliza kitu, na hilo Kasuku alilichukia kuliko kuulizwa.

Akirudi angesema, sivyo? Hakusema. Alikuwa amekwishamdhalilisha baba kwa moja, angemwendeaje na la pili? Wiki ikapita, ikaja nyingine. Mwenye nyumba ya wageni alimalizia malipo yake, ikawa pesa nzuri ambayo hawakuwa wameishika muda mrefu. Baba alisema, "Hospitali tumemaliza. Na sisi tupumue." Wakanunua televisheni. Kasuku alisaidia kuipanga sebuleni, na maneno ya nesi yalimpanda mpaka kooni, akayameza. Kila alipoyameza yalizidi kuwa makubwa. Aliogopa. Usoni kwa baba alitafuta dalili za afya kila siku, na kila baba alipokwenda uani alisikiliza atakavyorudi.

Siku moja simu ya mama iliita akiwa kazini. Alizima cherehani, akaipokea kwa sauti kubwa kama kawaida yake, na aliyepiga naye alikuwa na sauti kubwa, wakasikika wote wawili.

"Tunasafisha kabati la maabara. Kuna kichupa hapa hakijalipiwa. Mwenyewe bado yuko hai?"

"Mwenyewe nani?"

"Fundi makochi. Tulidhani ameshafariki. Hamkulipa, hamkurudi kwa daktari, na namba yenyewe tumeitafuta kwa taabu. Nesi anasema alimweleza binti yake kila kitu. Ndiye aliyekuwa macho."

Mama alishukuru, akakata simu. Koleo ilimponyoka Kasuku mkononi. Baba alikuwa amesimama na nyundo yake, mdomo umejaa misumari midogo, akawa anaitoa mmoja mmoja.

"Njoo hapa," mama alisema. "Simama pale unaposimamaga ukiwaiga watu. Nesi alisemaje? Rudia."

"Mama..."

"Rudia!"

Kasuku akarudia. Hakuna neno lililopotea. Vinyama, kichupa, maabara, saratani, malipo ni mbali, mlipe wiki hii. Alijaribu kuyasema kwa sauti yake mwenyewe ikashindikana; ilitoka sauti ya nesi ileile, na ule mvuto wa pua, na mpaka pale alipopumua. "Mwambie mama aanze kujipanga sasa, asisubiri kushtukizwa. Umeshika?" Hapo akakoma.

"Na wewe ukajibuje?"

"Nimeshika."

Hakuna aliyecheka. Laiti mama angempiga, Kasuku angejua pa kuuweka uso wake. Mama hakumpiga. Baba alirudi nyuma akajiketisha kwenye ule mfupa wa kochi la mama muuza mkaa, juu ya mbao tupu.

"Mimi nilikuwa nimelala, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa macho."

Asubuhi yake televisheni iliuzwa. Ilitoka kwa nusu ya bei iliyoingia nayo, na nusu hiyo ikalipa maabara. Majibu yalipotoka, mama alikwenda na baba, na mara hii Kasuku aliketi nje kwenye benchi. Kinyama kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka saratani. Daktari alisema haijafika mbali, na akikata kipande kidogo cha utumbo kuna matumaini makubwa ya kupona kabisa, ila baba asingoje zaidi. Mama hakuinuka kitini.

"Baada ya kupasuliwa kuna nini?" aliuliza.

"Dawa, na kubadilishwa bandeji."

"Baada ya hapo?"

"Kliniki. Vipimo vya damu."

"Na baada ya hapo?"

"Mwakani kamera tena. Kisha tena, kadiri tutakavyoona."

"Na kila mara ni kiasi gani? Na nauli, na siku ambazo hatafanya kazi?"

Daktari alivua miwani akamtazama. "Mama, wachache huniuliza hivyo."

"Na mimi sikuuliza mara ya kwanza," mama alisema. "Nitajie yote."

Yote hayakuwa madogo. Kama wangejua tangu siku ya teksi, pesa ya nyumba ya wageni ingekuwepo, na wiki zile zote za kujipanga zingekuwepo. Sasa maji yalikuwa shingoni. Shangazi alitoa kidogo akaongezea na hotuba. Kilichobaki cha kuuzwa chenye thamani kilikuwa kimoja, na kilikaa dirishani.

Mnunuzi alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa ulimwita Punguza kwa sababu hajawahi kukubali bei ya kwanza hata ya kiberiti. Aliizunguka cherehani, akaigonga gonga kwa kidole.

"Inanguruma."

"Inanguruma kwa sababu ina nguvu," mama alisema.

"Na mgonjwa bado yuko ndani?"

"Yuko ndani. Anapasuliwa wiki hii."

"Basi siwezi kupanda bei, dada yangu. Wewe unauza leo. Mimi naweza kununua hata mwezi ujao."

Akataja bei. Ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, na Punguza alijua hivyo, akatazama barabarani huku akisubiri. Mama alikubali. Kasuku aliambiwa ashike upande mmoja, wakaibeba wakavuka nayo barabara.

"Nitahitaji na mshonaji," Punguza alisema walipoitua. "Vijana wangu hawaijui mashine hii. Utakuja asubuhi?"

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mama alivuka barabara akaketi kwenye cherehani yake mwenyewe akamshonea Punguza kava, na jioni akapewa ujira wa siku. Kasuku akiwa karakanani aliisikia ikinguruma ng'ambo. Katika chumba chao sasa mtu angeweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, na hapakuwa na la kuzungumza.

Baba alipasuliwa, akatoka salama. Daktari alisema amekiondoa chote. Lakini baba alirudi hana nguvu ya kuinua hata randa, na siku ya kliniki ya kwanza ilipokaribia, nauli na malipo vilikuwa bado havijatimia. Kasuku alikuwa peke yake mlangoni akifagia maranda aliposikia hatua zikikoma.

Alikuwa mama muuza mkaa. Alifungua fundo la nguo yake akatoa pesa zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo.

"Ya sponji na kitambaa," alisema kwa sauti yake ileile nyembamba. "Nilisema nitakuja."

Kasuku alifungua mdomo. Alimwiga mama huyu mara nyingi, na kumbe hakuwa na neno lake mwenyewe la kumwambia. "Mama, nisamehe," akasema mwishowe.

"Nilikusikia siku ile," mama muuza mkaa alisema. "Unaiga vizuri sana." Akaupapasa mkono wa kochi kama kawaida yake, akaenda zake.

Pesa hiyo ilinunua sponji na kitambaa, na sehemu yake iliyokuwa ujira wa ufundi ikatimiza malipo ya kliniki. Kava za kochi lile zilishonwa kwa mkono, kwa kuwa Punguza hakuazima cherehani bila malipo. Mama alishona akirudi kazini, Kasuku akashona akirudi shule. Sindano ilimchoma vidole vyote. Wakati huo ndipo mama alipoongea naye kwa mara ya kwanza, tangu siku ya ile simu, maneno yanayozidi mawili.

"Unajua ulikosea wapi?"

"Nilisema uongo."

"Hukusema uongo. Kila ulilomwambia baba yako lilikuwa kweli. Ulichagua ya kweli yanayokufaa, ukayameza yaliyomfaa yeye. Hiyo ni mbaya kuliko uongo, maana mtu hawezi kuijua." Mama alikata uzi kwa meno. "Na sisi wakubwa tulikosea letu. Tulilipia kipimo tukadhani tumelipia kupona. Tukawacheka hawa wanaoacha mifupa hapa, kumbe wa kwetu tumeuacha hospitali, kwenye kichupa. Ugonjwa una bei yake mpaka mtu apone: kipimo, majibu, dawa, kurudi, na kurudi tena. Ukipewa ya mwanzo, uliza ya mwisho, kisha kilichobaki ukilaze. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kusikia hujawahi kushindwa. Shona."

Kuanzia mwezi huo kilichobaki kililala. Sehemu ya kila ujira wa mama, na ya kila kochi baba aliloweza kumaliza, iliwekwa kwa ajili ya kliniki na kamera ya mwakani, na haikuguswa hata Kasuku alipopitwa na ziara nyingine. Wateja wapya nao walitajiwa bei mpaka ya mkokoteni kabla mbao haijakatwa. Wengine walikimbia. Waliobaki walikalia makochi yao.

Mwaka ulipozunguka, pesa ya kipimo ilikuwepo, na ya maabara, na ya kurudi. Cherehani ilikuwa bado kwa Punguza. Mama aliomba ruhusa, akakatwa ujira wa siku, wakaenda wote watatu. Nesi alikuwa yuleyule, na miwani yake shingoni. Alimtambua Kasuku.

"Nimweleze huyu tena?"

Baba alikuwa ameshavaa gauni la hospitali. Hakuwa na hasira. Alikuwa amenenepa kidogo na macho yake yalikuwa ya upole kama siku zote.

"Hapana, dada," alisema. "Mama yake yuko hapo nje. Mwambie yeye."

Kasuku alibaki ameshika viatu vya baba. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemhitaji. Nesi alitoka, akamweleza mama, na Kasuku akasikia kila neno kwa sababu masikio yake hayakujua kufanya vinginevyo. Safari hii kilionekana kinyama kidogo kimoja, kimekatwa, na mama akalipia maabara palepale dirishani. Majibu yalipotoka baadaye yalikuwa mazuri.

Lakini siku ile, wakiwa bado kwenye benchi wakingoja baba azinduke, mama alimgeukia.

"Rudia alichosema."

Kasuku alirudia, polepole, kwa sauti ya nesi. Mama alifumba macho, akilinganisha na aliyoyasikia mwenyewe, neno moja baada ya jingine.

"Umepunguza kitu?"

"Sijapunguza."

"Safari hii najua," mama alisema. "Nilikuwepo."